Ya Kwanza ni Salamu Tu

Bariadi, saa tisa alasiri

Mwanangu Kabula,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeuandika mstari huo mara mbili na mara zote mbili nimechana karatasi. Kwanza wewe hauko mbali, umekwenda sokoni na mama yako kutafuta mkoba wenye zipu inayofunga. Pili, huo uzima ndio uliotugombanisha juzi mezani, kwa hiyo siwezi kuuandika hivi hivi tu kama mtu anayepiga muhuri.

Basi lako linaondoka alfajiri. Mambo ya kushika pochi, ya kutokula vya watu njiani, ya kumpigia shangazi yako magoti hata kama Dar es Salaam watakucheka, mama yako ameyasema wiki nzima na ataendelea kuyasema mpaka mlango wa basi ufungwe. Mimi simwezi, wala sijaribu. Nina jambo langu moja, na nimelikalia miaka kumi na moja kama kuku aliyekalia yai bovu.

Juzi uliniomba kitu kidogo. Ulisema wale watu wa studio waliokuita wanataka filamu yako ya katuni iwe na sauti kabla hujaanza kazi, na wewe hutaki sauti ya mtu mwingine ila yangu. "Baba, maneno mawili tu. Mhola duhu. Mara sita, basi." Nikasukuma sahani. Nikakwambia mimi si mwigizaji, na kwamba mambo ya wagonjwa wa akili waachie wenye wagonjwa. Mama yako akasema ugali unapoa. Wewe ukainama ukala, na ile namna ulivyoinama imenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Huko uendako watakuuliza maana ya maneno hayo. Waambie ni salama, ni amani tupu. Waambie Msukuma akiulizwa habari ndivyo anavyojibu hata kama nyumba inaungua nyuma ya mgongo wake.

Filamu yenyewe niliiona mara moja, mwezi uliopita, kwenye kibanda cha video karibu na stendi. Ulimbembeleza mwenye kibanda akuwekee sidii yako kabla ya sinema ya mapigano. Dakika mbili tu, ulimwambia. Nilikaa benchi la nyuma na kofia nimeishusha usoni, maana nilijiambia mtoto akiaibika lazima awepo mtu wa kurudi naye nyumbani.

Kioo kikawa cheupe chote. Watu wakapiga kelele kwamba deki imekufa. Kisha ukatokea mstari mmoja, ukafuata mwingine, mpaka akasimama mtu: duara la kichwa, kiwiliwili, mikono miwili, miguu miwili, na mdomo. Mistari saba. Hana nguo, hana macho, hana hata mti wa kuegemea. Mzee aliyekaa mbele yangu akauliza, "Huyu binti rangi zilimwishia?" Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Akapita mwanamke mwenye ndoo kichwani, naye wa mistari tu, akamsalimia. Mdomo wa mtu wako ukafunguka, ukafunga. Sauti ulikuwa hujatia, basi kibanda kizima kikamjibia: "Mhola duhu!" Wakacheka sana. Mkono wa kushoto ukafutika. Akapita mwenye baiskeli. "Mhola duhu!" Mkono wa kulia nao ukaenda. Akapita mchunga ng'ombe, ukaondoka mguu. Mara ya nne waliojibu walikuwa wachache. Mara ya tano alijibu mtu mmoja, na sauti yake ikafia katikati, kiwiliwili na kichwa vikafutika pamoja. Mara ya sita hakujibu mtu. Kioo kilikuwa kimebakiwa na mdomo peke yake, mstari mmoja mweusi katikati ya weupe wote ule, nao ukafunguka, ukafunga. Nasikia mwenye kibanda alisahau kuweka sinema yake mpaka watu walipomkumbusha.

Mimi nilikuwa nimeshatoka. Ulipokuja nje nilikwambia nilikwenda kukaza nati ya baiskeli. Baiskeli nilikuwa nimeiacha nyumbani, nawe ulijua, ila ulinistahi. Nilikuwa nyuma ya kibanda nalia.

Nililia kwa kuwa filamu ile niliijua. Niliwahi kuichoma kwa mikono yangu.

Ulikuwa darasa la saba. Chama cha msingi kilipofunga ghala la pamba nilikokuwa karani nilirudi nyumbani na boksi la tiketi za mizani ambazo hazijaandikwa, kwa kuamini kwamba siku moja tutaitwa tena kazini. Hatukuitwa. Wewe ukazipata, na kwenye pembe ya kila tiketi ukachora mtu mdogo, ukizishika kwa kidole gumba na kuziachia upesi yule mtu anatikisika. Nilizikuta chini ya mto wako. Nikaziachia mara moja tu. Mtu amelala ubavu, ameelekea ukutani, na kila tiketi anapungua kidogo. Hukuandika jina, lakini nyumba hii ina mtu mmoja tu aliyewahi kulala hivyo msimu mzima. Nikakuita nikakuuliza, "Unanichora mimi kichaa?" Nikazitia jikoni moja moja, kwenye moto wa maharage, wewe umesimama unatazama zinavyojikunja. Hukulia. Miezi kadhaa baada ya hapo sikukuona na penseli.

Nisamehe, mayu, mama yangu. Ningeweza kukuambia hili kwa mdomo, nafasi nimekuwa nazo nyingi, lakini mdomo wangu unaujua.

Nataka uelewe kwa nini nilishika neno kichaa. Kwenye mizani pamba ilikuwa na madaraja mawili, safi na fifi, na karani akishaandika ameandika. Watu nao tuliwagawa hivyo hivyo: mzima au kichaa. Kichaa ni yule wa stendi anayeokota makaratasi. Mimi nilijua kusoma na kuandika, nilivaa viatu na soksi, basi nilikuwa mzima. Neno la mtu anayeamka akaona kuvaa shati ni kazi ya kutwa, hilo sikuwa nalo, wala hakuwa nalo mtu yeyote niliyemfahamu. Mganga wa kule Mwamapalala alilitafuta kwa kuku mweupe, akalikosa, akabaki na kuku. Muuguzi aliyenipa vidonge ndiye aliyenieleza kwamba huzuni nayo huweza kuwa ugonjwa kama magonjwa mengine, na miezi ilipita kabla sijamsadiki.

Ukaja wewe, ukalichora neno hilo kwa mistari saba. Nilipokuuliza kwa nini hukumpa macho ulinijibu, "Nikimpa macho watu watamwona ana huzuni. Wewe baba hukuwa na macho ya huzuni. Ulikuwa na mdomo tu." Nilikaa na jibu hilo siku mbili.

Sasa nikuambie habari za Masanja.

Unamkumbuka kama yule mzee wa koti la kaki aliyekuwa akikupa karanga mfukoni mwake. Uliambiwa alikufa kwa homa. Hakufa kwa homa.

Masanja alikuwa mpimaji na mimi karani wake. Nilifika ghalani kijana mwenye mwandiko mzuri na kichwa kikubwa, yeye ndiye aliyenifunza kazi. Mkulima analeta pamba amefunga kwenye shuka, juu nyeupe ya kupendeza. Karani mgeni anaitazama, anaandika safi. Siku ya kwanza Masanja alinikamata mkono akauzamisha kwenye furushi mpaka kiwiko, nikatoka na konzi ya pamba ya manjano, imejaa majani na mchanga. Mwenye pamba akatazama pembeni. Masanja akacheka, akaniambia, "Ya juu ni salamu tu, kijana. Usiandike daraja mkono haujafika chini."

Neno hilo nilikuja nalo nyumbani, tukalifanya utani. Mgeni akisema ameshiba, mama yako ananinong'oneza, "Hiyo ya kwanza ni salamu tu," kisha anamwongezea chakula na mgeni anakimaliza. Wewe umekua ukilisikia.

Ikaja ruhusa ya kila mwenye fedha kununua pamba. Malori ya wanunuzi binafsi yakaingia mpaka vijijini na mizani za kuning'iniza, wakilipa papo hapo, na hakuna aliyezamisha mkono popote. Nani angeendelea kuleta pamba kwetu asubiri malipo mpaka avunjike moyo? Ghala likafungwa kufuli. Mimi nilipata uwakala kwa mnunuzi mmoja, nikawa nazunguka kwa baiskeli kumtafutia pamba. Nilimwambia Masanja aje, akakataa. Kila asubuhi alivaa koti lake la kaki akaenda kukaa kwenye ngazi za ghala lililofungwa, kama mtu anayesubiri mwenye ufunguo.

Njia yangu ilipita hapo. Niliona aibu, maana nilikuwa nakula kwa watu waliotufungia mlango, kwa hiyo nilijizoeza kupita haraka. Siku moja, Jumanne, nilisimama kidogo.

"Mwangaluka, Masanja."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Akaishia hapo. Unatujua sisi, salamu yetu haina haraka. Ukimuuliza mtu naye atakuuliza mke, watoto, ng'ombe, mvua ya kwenu, mpaka yule ndama aliyekuwa anaharisha. Masanja aliyekuwa akiniuliza hata habari za kuku, siku hiyo hakuniuliza kitu. Na vifungo vya koti vilikuwa vimepishana, upande mmoja juu mwingine chini, yeye ambaye aliwahi kunirudisha nyumbani kwa sababu ya kola chafu. Niliyaona yote mawili, Kabula. Nimezaliwa na jicho la karani, kitu hakinipiti. Mguu wangu mmoja ulikuwa chini na mwingine kwenye pedeli. Nikaandika safi, nikaondoka.

Alhamisi asubuhi mke wake alimkuta. Alijitoa uhai mwenyewe.

Tulikuwa watu wanne tulioamua kusema homa, ili azikwe kama wenzake na watoto wake wasinyooshewe kidole. Hilo silijutii sana. Ninalojutia ni kwamba mjane wake aliniuliza, mbele ya jeneza, kama nilikuwa nimemwona siku zile na kama alikuwa sawa. Nikamwambia, "Nilimsalimia Jumanne, alikuwa mzima." Mpaka leo mama yule ananishukuru kwa hilo, anasema angalau kuna mtu alimwona mumewe akiwa na amani. Ameshahamia Binza kwa binti yake, na kila tukikutana ananishukuru upya. Sijui mtu anaomba vipi msamaha kwa kitu ambacho mwenzake amekifanya faraja.

Msimu uliofuata ndio nililala. Pamba yetu ilichanua ikaangukia chini, mama yako akiokota peke yake na mdogo wako mgongoni. Majirani aliwaambia nina malaria. Malaria ya miezi minne! Walikuja kunijulia hali, wanasimama mlangoni, wanasalimia, najibu mhola duhu nikiwa nimewapa kisogo, wanashukuru Mungu wanaondoka. Sikuwalaumu. Nilikuwa nawajibu alivyonijibu Masanja, na wao walikuwa wananiamini nilivyomwamini mimi. Nikawaza, hivi ndivyo inavyokuwa, kumbe ni rahisi. Nakuandikia hili kwa sababu umeshakuwa mtu mzima: nilikuwa nimefika mahali alipofika yeye.

Ulikuwa na miaka tisa. Uliingia na kikombe cha uji, ukapiga magoti, ukasema, "Mhola, baba?"

"Mhola duhu, mayu," nikauambia ukuta.

Siku nyingine zote uliweka kikombe ukakimbilia kucheza. Siku hiyo hukuondoka. Nilikusikia unapumua kwa mdomo, ulikuwa na mafua. Nikangoja uende. Hukwenda. Kisha ukasema, "Mama amesema nikuulize tena. Ya kwanza ni salamu tu."

Neno la Masanja, kwa sauti ya mafua. Sijui nilivyogeuka, najua tu kwamba niliona uso wako na makamasi yako, na nikasikia mtu anasema, "Mimi si mzima, mayu. Naumwa." Nikalia mbele yako kwa sauti, jambo ambalo baba yangu hakuwahi kunifanyia. Wewe ukasema, "Haya," kama mtoto aliyetumwa chumvi, ukatoka. Nikakusikia uani unamwambia mama yako, "Amesema." Wiki hiyohiyo alinikalisha nyuma ya baiskeli yangu mwenyewe akanisukuma mpaka hospitali.

Umesahau. Mwezi uliopita, baada ya kile kibanda, nilikuuliza kwa nini katika filamu yako hakuna hata mmoja anayemuuliza yule mtu mara ya pili. Ukanitazama kwa mshangao kweli, ukasema, "Baba, kuna mtu anaulizaga mara ya pili?" Wewe! Wewe ndiye unaniuliza hivyo! Nilitaka kukuambia palepale, lakini ili nikuambie ilibidi nianze na Masanja, na sikuweza.

Filamu yako usiibadilishe. Usimwongezee mtu wa kumwokoa eti kwa kuwa nimekusimulia haya. Juzi nilikataa kwa sababu nilidhani umenichora mimi. Nimekaa nimefikiri, nimeona si mimi. Mimi niliulizwa tena, ndiyo maana nina mikono ya kuandikia. Yule aliyebaki mdomo mtupu ni Masanja, na umemchora bila mwenyewe kujua, hata ule upole wake wa kujibu kila mtu. Mwache hivyo alivyo. Kama watu wa Dar watakwambia uongeze rangi na muziki, sina elimu ya mambo hayo, ila nilikuwepo kwenye kile kibanda siku kilipoishiwa na majibu.

Sauti umeipata. Leo asubuhi mlipokuwa mnabishana juu ya nguo zipi zinaingia sandukuni, nilikwenda kwa kinyozi mwenye redio ya kurekodi. Kaseti iko kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku lako, nimeifunga kwenye leso. Upande wa kwanza nimesema mhola duhu mara sita kama ulivyotaka. Ya sita imekwama kidogo. Nilijaribu kuirudia, nikashindwa, itumie hivyohivyo.

Upande wa pili usiutie kwenye filamu. Nilimwomba kinyozi atoke nje, nikamwita Masanja kwa jina, nikamsalimia, nikamuuliza. Kisha nikamuuliza tena, nikaiacha kanda izunguke mpaka mwisho. Hakuna kitu humo, utasikia kuku na baiskeli zinapita. Nimeona tu Masanja awe na mtu mwingine anayejua alivyokufa.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonitisha. Umechukua pua ya mama yako lakini moyo umechukua wangu. Tangu urudi kutoka masomoni Mwanza nimekuona unakaa na kikombe cha chai mpaka kinaota ngozi. Nikikuuliza unasema unawaza kazi. Huenda ni kweli. Unatoka kwenda mji ambao watu hawaulizani hata habari za ng'ombe, na siku nzima utakuwa unachora mtu anayefutika. Sitakuzuia, kazi ni nzuri na ni yako. Lakini mimi nimewahi kumwacha mtu kwenye ngazi, na sina nguvu ya kumwacha wa pili.

Ukifika piga simu ya dukani, nitakuwa nimekaa hapo tangu asubuhi. Nitakuuliza mhola, utanijibu mhola duhu, maana shangazi yako atakuwa amesimama karibu na vocha inakwenda. Ni sawa, hiyo ni salamu.

Kisha nitakuuliza tena. Usikate simu, mayu.

Baba yako